Wasiorudi Vitani
Mafundisho kwa wakatekumeni juu ya wafungwa wa vita na watu waliopotea



Maandiko Matakatifu yasimulia habari ya mzee Yakobo aliyeletewa kanzu ya mwanawe Yosefu, nayo imelowa damu. Walioileta walikuwa wanawe wengine. Walijua vema kwamba ndugu yao hakuliwa na mnyama, bali walimwuza wao wenyewe kwa wafanya biashara waliokuwa wakishuka Misri, lakini walinyamaza. Mzee akararua mavazi yake, akavaa gunia, akakataa kufarijiwa. Miaka mingi alimlilia mtu aliye hai kana kwamba amekufa. Basi huzuni ya Yakobo ilikuwa na sababu mbili: ya kwanza, mwanawe hayupo, ya pili, waliojua ukweli hawakuusema.

Huzuni ya namna hiyo haikuisha pamoja na Yakobo. Ingali inakaa katika nyumba nyingi za Kongo, wala Ubundu haikuachwa. Kijana alikwenda na askari, asirudi. Baba alichukuliwa usiku, na hakuna aliyeleta habari. Hakuna barua, hakuna kaburi, hakuna aliyemwona akifa. Watu wa nyumba hawajui kama wamwombee kama mzima au kama marehemu. Mke hajui kama yeye ni mke au mjane. Watoto huulizwa jina la baba yao na alipo, nao huinamisha kichwa.

Somo hili lina mafundisho matatu: mfungwa wa vita ni nani mbele ya Mungu, aliyepotea adaiwa nini na walio hai, na Mkristu wa kijijini, asiye na bunduki wala cheo, aweza kufanya nini.

I. NJIA YA UBUNDU NA WATU WALIOIPITA

Ubundu, mji ulioitwa zamani Ponthierville, umekaa juu ya maporomoko ya Boyoma. Kati ya Ubundu na Kisangani mto haupitiki kwa meli. Ndiyo maana ilijengwa reli ya kilometa 125, ikamalizika mwaka 1906. Kutoka Ubundu meli zaweza tena kupanda mto Lualaba mpaka Kindu. Njia hiyo ilileta chumvi, nguo na vitabu vya dini. Lakini vita navyo vilifuata njia hiyo hiyo.

Katika vita kuu ya 1914 mpaka 1918, jeshi la Kongo lililoitwa Force Publique lilipigana na Wajerumani wa Afrika ya Mashariki. Vyombo vya vita vilipakiwa garini Kisangani, vikashushwa Ubundu, vikapanda mto kwenda Kindu na mbele mpaka Ziwa Tanganyika. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi hilo liliingia Tabora, na watu waliokuwa wamezuiliwa humo na Wajerumani wakafunguliwa. Ushindi huo uliandikwa vitabuni. Lakini nyuma ya askari walitembea wapagazi, Wakongo zaidi ya 200,000 katika vita nzima, wakibeba risasi, unga na wagonjwa. Kuhara, homa ya mapafu na uchovu viliwaua wengi kuliko risasi. Majina ya maofisa yalichongwa juu ya mawe. Wapagazi wengi walizikwa kando ya njia pasipo hata kijiti cha kuonyesha mahali, na mama zao walingoja mpaka wao pia wakafa.

Mfalme Daudi hakufanya hivyo. Alipowarudisha mateka waliochukuliwa Siklagi, baadhi ya wapiganaji walitaka kuwanyima sehemu wenzao waliochoka wakabaki kulinda mizigo. Daudi alikataa, akaweka sheria kwamba aliyepigana na aliyelinda mizigo wapate sawasawa. Mbele ya Mungu mpagazi si mdogo kuliko jemadari.

Ikaja vita ya pili. Tarehe 3 Julai 1941, huko Saïo katika nchi ya Uhabeshi, jemadari Pietro Gazzera wa Italia alijitoa mikononi mwa askari wa Kongo, pamoja na majemadari wenzake na maelfu ya askari. Watu waliotoka vijiji vya Kongo walijiona siku ile wakiwa na wafungwa wa vita mikononi mwao. Askari wengine wa Kongo walitumwa mbali zaidi. Wauguzi wao walifika mpaka Burma katika Asia.

Baada ya uhuru, vita havikutafutwa tena nchi za mbali. Tarehe 11 Novemba 1961, huko Kindu, kilometa zipatazo 300 juu ya mto kutoka Ubundu, Waitalia 13 waliofika kwa ndege mbili za Umoja wa Mataifa walikamatwa na askari waliowadhania kuwa adui, wakauawa. Kwa miezi jamaa zao hawakuwa na maiti ya kuzika. Mwaka 1962 mabaki yao yalipatikana Tokolote, karibu na Kindu, yakarudishwa Italia, yakazikwa Pisa katika nyumba ya sala iliyojengwa kwa kumbukumbu yao.

Mwaka 1964 wapiganaji Simba waliutwaa mji wa Kisangani, uliokuwa bado unaitwa Stanleyville. Wageni na wamisionari wengi walizuiliwa. Wengine waliokolewa tarehe 24 Novemba, wengine waliuawa. Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, waliofika kuhubiri nchi hii mwaka 1897, lilipoteza ndugu 28, pamoja na Askofu Joseph Wittebols wa Wamba. Kanisa limeyaandika majina yao yote. Lakini maelfu ya Wakongo waliouawa mwaka ule, na Simba au na waliowafukuza Simba, ni wangapi ambao majina yao yaliandikwa? Walimu, makarani, askari wa serikali, vijana wa Simba wenyewe: wengi walizama mtoni au walibaki mwituni, na hesabu yao anayo Mungu peke yake.

Halafu ukaja mwaka 1997. Kutoka kambi ya Tingi-Tingi makumi elfu ya wakimbizi wa Rwanda walifika Ubundu kwa miguu. Katikati yao walikuwamo askari wa serikali iliyoanguka Rwanda, na watu waliotenda mauaji ya mwaka 1994. Lakini walikuwamo pia wanawake, wazee, wagonjwa na watoto wengi sana wasio na kosa. Walivuka mto kwa mitumbwi, wengine wakazama, wakaifuata reli kwenda Kisangani. Walizuiliwa njiani, wakapiga kambi Biaro, kwenye kilometa 41, na Kasese, kwenye kilometa 25. Mwezi wa Aprili kambi hizo zilishambuliwa. Watu wa misaada waliporuhusiwa kurudi, walikuta kambi tupu. Baadhi ya wakimbizi walitoka mwituni baadaye, wakarudishwa kwao kwa ndege. Wengine hawakuonekana tena. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotangazwa tarehe 1 Oktoba 2010 imeandika habari za mauaji hayo, ikiwataja askari wa AFDL na wa jeshi la Rwanda. Vita ile ile iliwachukua vijana wa Kongo, wengine watoto bado, walioitwa kadogo. Nao si wote waliorudi kwa mama zao.

Basi mkatekumeni wa Ubundu asiseme kwamba habari hizi ni za watu wa mbali. Reli ipitayo karibu na shamba lake imepitiwa na watu ambao hata leo wanangojwa mahali fulani.

II. MFUNGWA WA VITA NI NANI

Askari aliyetupa silaha si wa kupigwa tena. Ni mtu mwenye njaa, mwenye kiu na mwenye hofu, aliye mikononi mwa watu wengine. Mungu aliyemwumba hakubadilika kwa sababu nguo zake za kijeshi ni za rangi nyingine. Amri ya tano, ikatazayo kuua, hailali wakati wa vita. Anayemwua mfungwa hapigani vita. Afanya uuaji, na dhambi yake ni kubwa hata kama mkubwa wake alimwamuru.

Bwana Yesu mwenyewe alikuwa mfungwa mikononi mwa askari. Alikamatwa usiku, akafungwa, akafunikwa uso, akapigwa makofi. Alivuliwa nguo, na askari wakazipigia kura. Basi anayemtesa mfungwa airudia kazi ya askari wale. Tena Bwana alifundisha kwamba siku ya hukumu atajihesabu pamoja na wenye njaa, wagonjwa na wafungwa: aliyemtazama mfungwa atakuwa amemtazama Yeye, na aliyempita atakuwa amempita Yeye. Hakusema kwamba mfungwa huyo awe wa kabila letu au wa upande wetu.

Kanisa lililishika neno hilo tangu zamani. Mwaka 1198 Mtakatifu Yohane wa Matha alianzisha shirika la kuwakomboa mateka, na mwaka 1218 Mtakatifu Petro Nolasko alianzisha jingine huko Barcelona. Watawa hao walikusanya fedha, wakavuka bahari kuwanunua Wakristu waliofungwa. Na wana wa Petro Nolasko waliweka nadhiri ya kukubali kubaki mateka wao wenyewe, ikilazimu, ili mwenzao atoke. Wakati wa vita ya 1939 mpaka 1945 Baba Mtakatifu Pio XII aliweka Vatikano ofisi ya kutafuta habari za wafungwa na waliopotea, na jamaa wa nchi nyingi waliiandikia wakiuliza juu ya watu wao.

Mataifa nayo yaliweka sheria. Tarehe 12 Agosti 1949, mjini Geneva katika nchi ya Uswisi, yaliandikwa mapatano manne yanayowalinda watu wakati wa vita. Mapatano hayo yasema kwamba mfungwa asiuawe, asiteswe, asitukanwe mbele ya watu. Apewe chakula na dawa. Akiulizwa, halazimiki kutoa habari nyingine ila jina lake, cheo chake, siku aliyozaliwa na namba yake. Aruhusiwe kuwaandikia jamaa zake ili wajue kwamba yu hai. Vita vikiisha, arudishwe kwao. Na aliyekufa azikwe kwa heshima, kaburi litiwe alama, jina lake lipelekwe kwa watu wake. Angalieni jinsi sheria hiyo inavyolitunza jina. Mfungwa ambaye jina lake limeandikwa, ni vigumu kumwua kwa siri. Asiyeandikwa, aweza kutoweka usiku mmoja.

Kongo yenyewe yaweza kufundisha tofauti hiyo. Mwezi wa Septemba 1961 askari wa Ireland zaidi ya 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizingirwa Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Risasi na maji vilipowaishia walijitoa, wakawa wafungwa. Mwezi wa Oktoba waliachiliwa, wote wakiwa hai. Haikupita hata miezi miwili tangu kukamatwa kwao, wale Waitalia 13 wakauawa Kindu. Nchi ilikuwa moja na mwaka ulikuwa mmoja. Huko mfungwa alihesabiwa mtu. Huku hakuhesabiwa mtu.

Katika siku hizi pia mambo hayo yameonekana. Mji wa Goma ulipotwaliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, askari na polisi wengi wa serikali walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, wakiwa wametoa silaha zao. Kuanzia tarehe 30 Aprili mwaka huo, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliwasindikiza mpaka Kinshasa, wao na jamaa zao, watu zaidi ya 1,300. Tarehe 14 Septemba 2025, huko Doha, serikali na M23 walitia sahihi mapatano juu ya namna ya kuachiliana wafungwa, Msalaba Mwekundu ukiwa katikati yao. Anayewaombea wafungwa awaombee pia wale wanaokwenda baina ya majeshi mawili bila silaha. Kazi hiyo ina hatari: Georges Olivet, mjumbe wa Msalaba Mwekundu, aliuawa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwezi wa Desemba 1961.

Na mfungwa Mkristu afanyeje? Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, binti wa Wamba, alikuwa mateka mikononi mwa Simba pamoja na masista wenzake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, alikataa kuuvunja usafi wake kwa Mungu. Akapigwa, akachomwa, akapigwa risasi. Kabla ya kufa alimsamehe aliyemwua. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Mfungwa aweza kunyang'anywa vyote. Moyo wake haunyang'anywi asipoutoa mwenyewe.

III. ALIYEPOTEA ADAIWA NINI

Katika Kitabu cha pili cha Samweli mna habari ya mama mmoja, jina lake Rispa. Wanawe wawili waliuawa pamoja na watu wengine watano wa nyumba ya Sauli, na maiti zao zikaachwa mlimani. Rispa hakuwa na askari, wala hakuweza kumshitaki mfalme. Alitwaa gunia, akalitandika juu ya mwamba, akakaa. Tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha aliwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Habari yake ikamfikia Daudi, naye akaona haya. Aliikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani iliyokuwa mbali, na ya wale waliouawa, akaizika katika nchi ya baba zao. Mama mmoja asiyekubali kusahau alimfundisha mfalme kazi yake.

Walio hai wanadaiwa na waliopotea deni tatu.

Deni la kwanza ni jina. Mungu hamwiti mtu kwa hesabu, bali kwa jina; ndiyo maana katika ubatizo kila mmoja apewa jina lake. Kila nyumba yenye mtu aliyepotea imwendee katekista au mtu ajuaye kuandika. Yaandikwe jina lake lote, jina la baba na la mama, kijiji, mwaka aliokwenda, alikwenda na nani, alama ya mwili wake, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Wazee wanaokumbuka wanakufa, na kumbukumbu isiyoandikwa yazikwa pamoja nao. Habari hizo zaweza kupelekwa kwa Msalaba Mwekundu, wenye kazi ya kuwatafuta waliopotea na kupeleka barua fupi baina ya watu waliotengwa na vita. Mataifa yameiweka tarehe 30 Agosti ya kila mwaka kuwa siku ya kuwakumbuka waliopotea.

Deni la pili ni ukweli. Karibu na njia ya reli, mtoni na mwituni, wapo watu waliona. Wengine walilazimishwa kuzika. Wengine walikuta mifupa walipokuwa wakilima, wakaifunika upesi, wasiseme. Hofu yao yaeleweka, kwa maana mwenye silaha aweza kurudi. Mungu hamdai mtu ajitie mautini kwa maneno ya ovyo. Lakini ipo njia ya busara: mtu amwendee padri au mtu mwaminifu faraghani, aseme aliyoyaona kwa macho, asiongeze wala asipunguze. Kaburi lisichimbwe na watu wa kijiji, wala mifupa isihamishwe, kwa kuwa atafutaye ukweli baadaye hataweza kuusoma. Watie alama mahali hapo, wapaheshimu, wasipalime.

Mtu mwingine asema, “Hawa walikuwa wageni, tena wauaji, waache walale.” Lakini hukumu ni ya Mungu, na mtoto wa miaka mitatu hakuua mtu. Tobiti alikuwa mateka katika nchi ya ugenini. Alipowaona watu wa taifa lake wametupwa nje ya ukuta, aliwazika, ingawa mfalme alikasirika na majirani walimcheka. Kuzika wafu ni tendo la huruma. Nayo huruma ya Kikristu haichagui maiti.

Waliouficha ukweli kwa faida wana kosa kubwa zaidi. Wapo wanaomwambia mama mwenye uchungu, “Nipe fedha, nitakuonyesha gereza alipo mwanao.” Wapo wanaopiga ramli na kumtaja jirani kuwa ndiye aliyempoteza kijana kwa uchawi. Basi nyumba iliyompoteza mtu mmoja vitani yapoteza wa pili kijijini kwa chuki. Mkatekumeni asiende kwa mpiga ramli. Amri ya kwanza yamkataza. Tena mpiga ramli hajui lolote asilolijua yeye. Vita ndivyo vilivyomchukua kijana, si bibi kizee wa nyumba ya pili.

Deni la tatu ni sala. Watu wengine huogopa kumwombea aliyepotea, wakidhani kumtaja katika Misa ni kumwua. Waondoe hofu hiyo. Mungu ajua kama yu hai au amekufa. Akiwa hai, sala yamfikia gerezani au ugenini. Akiwa amekufa, yamsaidia katika Toharani. Hakuna sala ipoteayo njia kwa kukosa anwani.

IV. MKE WA MTU ALIYEPOTEA

Hapa wakatekumeni wengi wana shida, basi na wasikilize kwa makini. Chukueni mfano wa mama mmoja ambaye mumewe alikwenda na jeshi, ikapita miaka kumi. Mwanamume mwingine, mtu mwema, ataka kumwoa. Mama amwendea katekista wake.

“Baba katekista,” asema, “mume wangu amekufa. Miaka kumi si kidogo.”

“Nani alimwona amekufa, mama?”

“Hakuna. Lakini angekuwa hai, asingekosa kuleta habari.”

“Huenda amekufa, mama. Huenda pia amefungwa mahali pasipotoka barua. Miaka peke yake si shahidi. Je, yuko aliyekwenda pamoja naye, akarudi?”

“Yuko mmoja, ng'ambo ya mto.”

“Basi na aje. Asiseme waliyoyasema wengine, aseme aliyoyaona yeye.”

Katekista huyo amejibu vema. Kanisa lafundisha kwamba kifungo cha ndoa hakifunguliwi na wingi wa miaka ya kungoja. Lakini Kanisa halimwachi mama huyo gizani. Padri ataandika ushuhuda wa wenzake wa vitani, sifa zilizoenea na dalili nyingine, atampelekea Askofu. Askofu akipata hakika ya moyo kwamba mume amekufa, atatangaza hivyo, na mama atakuwa huru kuolewa. Neno likiwa gumu sana, Askofu ataliuliza Roma. Wakati wa kungoja mama huyo asizuiliwe mafundisho wala ubatizo kwa sababu tu mumewe hajulikani alipo. Kungoja kwake si dhambi, bali ni uaminifu.

Jamaa za mume nao wana wajibu. Wasimnyang'anye shamba, nyumba wala watoto kwa kusema mwenye mali hayupo. Wasimrithi kwa nguvu kama kitu kilichoachwa. Mtu atakayerudi kutoka gerezani akikuta mkewe amefukuzwa na ndugu zake mwenyewe, atauliza ni nani aliyekuwa adui yake.

V. MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mfungwa wa vita ni nani?
Jibu: Ni askari aliyekamatwa au aliyejitoa, ambaye hawezi tena kupigana, naye ni mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Swali: Je, yafaa kumwua mfungwa kwa kuwa wenzake waliua?
Jibu: Haifai kamwe. Kosa la mwenzake halimwondolei mtu amri ya Mungu.

Swali: Mkristu akiamriwa na mkubwa wake kumwua mfungwa afanyeje?
Jibu: Akatae, kwa maana yampasa kumtii Mungu kuliko watu.

Swali: Anayejua mahali alipozikwa mtu aliyepotea ana wajibu gani?
Jibu: Ana wajibu wa kusema ukweli kwa busara, kwa mtu anayestahili kuusikia, na kuliheshimu kaburi.

Swali: Je, yafaa kwenda kwa mpiga ramli kumtafuta aliyepotea?
Jibu: Haifai. Ni dhambi, tena huleta uongo na chuki kijijini.

Swali: Je, Misa yaweza kutolewa kwa mtu asiyejulikana kama yu hai?
Jibu: Yaweza. Mungu huipokea sala hiyo kwa faida yake, popote alipo.

VI. AZIMIO

Juma hili kila mkatekumeni aitembelee nyumba moja ya kijiji chake inayomngoja mtu. Asiende na maneno mengi. Auke mapema, apeleke kuni au mtungi wa maji kama kuna mzee. Aulize jina la anayengojwa, alisikilize, alirudie kwa sauti ili mwenye nyumba alisikie likitajwa na mtu mwingine. Kama anajua kuandika, aliandike. Na kama yeye mwenyewe anajua neno lililofichwa miaka mingi, asimwache mzee Yakobo wa kijiji chake alie juu ya kanzu ya uongo mpaka kaburini.

Jumapili, kabla ya Misa, majina yaliyoandikwa yapelekwe kwa katekista. Naye atayaweka pamoja na majina ya marehemu wa mwezi wa Novemba, lakini katika karatasi ya peke yake, na juu yake ataandika: “Bwana ajua walipo.”

Sala: Ee Yesu, uliyefungwa kamba na askari, uwalinde wote waliofungwa vitani, na kuwatia huruma moyoni walinzi wao. Uwakumbuke wapagazi na askari waliolala kando ya njia pasipo alama, wakimbizi walioishia mwituni, na watoto waliochukuliwa kabla ya kukua. Uwafariji wanaongoja. Uwape ujasiri wanaojua. Amina.